Anayesimama Mlangoni

Dada yangu Nieves ndiye daktari pekee wa upasuaji hapa Santa Eulalia. Alipopata habari kwamba mkaguzi anakuja kutoka La Paz kuona kama hospitali yetu iko tayari kupokea majeruhi, alipaka kuta rangi kwa mikono yake mwenyewe. Kama hospitali ingeonekana haifai, chumba cha upasuaji kingefungwa, na kila aliyeumia angepandishwa mlimani hadi La Paz, katika ukungu na baridi. Mimi ni dereva wa lori la machungwa, na barabara ile naijua. Nimewabeba watu walioanza safari wakizungumza na kuimaliza kimya.

Mkaguzi aliitwa Daktari Apaza, mtu mfupi, mpole, shavu moja limejaa majani ya koka aliyokuwa akitafuna. Siku nzima alifungua makabati. Aliwasha jenereta, akaizima, akaiwasha tena. Alifungua mitungi ya oksijeni, akatega sikio. Nieves alimfuata nyuma kama bibi harusi anayekaguliwa na mawifi.

"Vitu vipo," Apaza alisema jioni. "Kesho nataka kuviona vikifanya kazi. Nitafutieni watu wa kuigiza ajali."

Tulijitokeza wengi kuliko alivyotaka. Mji wetu unapenda ngoma ya saya, na anayependa ngoma hakatai kuigiza. Apaza alitupaka rangi nyekundu, akamfunga kila mtu kitambaa mkononi kilichoandikwa jeraha lake. Mimi nilipewa mshipa wa paja uliokatika. Shangazi Plácida, aliyetulea mimi na Nieves baada ya mama kufariki, alipewa bandama iliyopasuka.

"Bandama?" aliuliza. "Nitaliaje bandama? Nipe mguu, nilie vizuri."

"Mama, bandama inaua upesi kuliko mguu," Apaza alimjibu.

"Basi ungeanza na hilo." Akajilaza sakafuni, akaanza kuugua hadi mbwa wa sokoni wakaja kuchungulia.

Tuliaibika. Kitanda cha magurudumu kilikwama kwenye kona ya kuelekea chumba cha upasuaji, mahali ambapo mtu fulani zamani alijenga stoo ya mafagio. Huku wanavuta, kule wanasukuma, na aliyelala juu yake anacheka. Wauguzi wote walimsubiri Nieves aamue, naye Nieves alikuwa kila mahali: anafunga jeraha la huyu, anamwita yule, anatafuta mkasi. Alinipita. Akarudi, akaniruka miguu, akanipita tena. Ilipofika zamu ya damu, wakakumbuka kwamba damu iko La Paz.

Apaza alipuliza filimbi, akaja kusimama juu yangu. "Daktari," alisema bila ukali, "huyu ameshakufa."

Nieves alinitazama. Nilitaka kumkonyeza, lakini uso wake ulinizuia.

Nyumbani alikaa jikoni akimenya mihogo. Alimenya mingi kuliko tuliyoweza kula.

"Afunge tu," alisema mwishowe. "Kama siwezi kumwona ndugu yangu mwenyewe aliyelala miguuni pangu, nangoja nini?"

Shangazi aliingia bado ana rangi kifuani. Hakubisha hodi; hajawahi kubisha.

"Nimelala pale mpaka mgongo umekufa ganzi," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyeniambia pole. Hata uongo. Nilikuwa naigiza, lakini baadaye woga ukanishika kweli. Nikawaza, hivi ndivyo alivyolala yule kijana wa jirani yetu Doña Felisa kabla hajafa?"

"Shangazi, tafadhali."

"Sijamaliza. Nawe ulikuwa unakimbia kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwanangu, una wauguzi wangapi pale? Wao ni mapambo?"

"Wakikosea, mtu anakufa."

"Leo hawakukosea, maana hukuwaachia kazi. Na huyu Néstor hapa amekufa."

Nilisema kwamba marehemu anaomba mihogo. Nieves alicheka, kisha akalia, kisha akachomeka kisu kwenye mhogo, akaenda kunawa uso.

Asubuhi alimwendea Apaza. Nilikuwepo, nimepeleka machungwa ya wagonjwa. Alimwambia, "Sitaki unipe alama za huruma. Nipe muda, na unifundishe."

Apaza alihamisha majani yake toka shavu hili kwenda lile. "Kwani nani alikwambia nimekuja kufunga? Nimekuja kutazama. Waliofungiwa ni wale waliokataa kuigiza."

Akakaa nasi siku kadhaa zaidi. Alisema mtu mmoja asimame mlangoni, asitibu, asiguse chochote, awatenganishe tu: huyu sasa hivi, huyu anaweza kungoja. Nieves akasema atasimama yeye.

"Wewe?" Apaza akamuuliza. "Na ndani atapasua nani? Mimi?"

Kazi ikampata Wilma Limachi, muuguzi mwenye sauti ndogo ambaye hata sokoni husubiri aitwe. Wiki za kwanza Nieves alikuwa akichungulia dirishani kumwangalia. Wilma alivumilia, mpaka siku moja akamwambia, "Daktari, ukinichungulia nasahau." Nieves akafunga pazia.

Ukuta wa stoo tuliubomoa wenyewe Jumamosi moja, kwa nyundo na nyimbo. Jumapili baada ya misa watu walipanga foleni kupimwa makundi ya damu, ili siku ya haja waitwe kwa kengele ya kanisa. Hatuna jokofu la kuhifadhi damu, tuna watu.

Apaza aliporudi kutukagua, alituchosha tena kwa maigizo yake, kisha akatoa uamuzi: upasuaji uendelee, lakini waliopasuka vichwa bado wapelekwe La Paz. Nieves alitaka kubishana. Shangazi alimfinya.

Mvua zilipoanza, basi dogo lilitoka barabarani, likaanguka chini ya daraja. Niliwaleta majeruhi kwa lori langu, juu ya magunia, huku kengele ikilia. Mlangoni alisimama Wilma, mikono nyuma.

"Huyu ndani. Huyu angoje. Kaka Néstor, usimshushe huyo, mgeuze polepole kwanza."

Sikumwona dada yangu kabisa. Kitanda kilipita kwenye kona bila kugusa ukuta. Nilinyoosha mkono wangu pamoja na wengine, tukatoa damu. Kwenye benchi, mwanamke aliyevunjika mkono alikuwa akitetemeka, na Shangazi Plácida amempakata kichwa, anamweleza habari za majirani ambao yule mwanamke hawajui.

Tulimpoteza dereva wa basi. Nieves mwenyewe alitoka kumwambia mke wa marehemu, akakaa naye muda mrefu. Wengine wote walikuwa hai.

Kesho yake mchana Apaza alipiga simu. Nieves aliipokea uani, ameketi juu ya ndoo, sahani ya wali na ndizi mapajani.

"Dereva alitushinda," alisema.

Akasikiliza.

"Hapana, mlangoni alikuwa Wilma. Wengine? Wengine wanalalamika supu haina chumvi." Akanitazama, akanisogezea nusu ya ndizi yake. "Ndiyo, Daktari. Njoo. Tuna maswali kuhusu vichwa."