Kanda za Mjane

Walimwomba wimbo mmoja tu, na Irene aliujua kabla shemeji yake hajamaliza kuvua buti mlangoni. Gwakisa alikuwa mwenyekiti wa kamati, mtu wa kusikilizwa na Watanzania wa huku Marekani kuanzia Burnsville mpaka Saint Paul, na alipokaa kwenye kochi aliweka mikono juu ya magoti kama mtu aliyekuja kuposa.

"Shemeji, mwaka huu Vimondo inatimiza miaka hamsini. Sherehe yetu Watanzania tumeamua iwe kumbukumbu ya kaka. Wewe utapanda jukwaani, utatuimbia 'Makambako', watu watalia kidogo, kisha tutakula."

"'Makambako' tu?"

"Kwani kuna nyingine?"

Nyingine zilikuwepo, na muulizaji alizijua vizuri. Vimondo ilikuwa bendi ya roki ya Mbeya, magitaa ya umeme na nywele ndefu kwenye mji wa baridi. Aliyeianzisha ni Ambakisye, mume wa Irene, na ndiye aliyeimba "Makambako", wimbo ambao mpaka leo ukipigwa harusini wazee wanatupa makoti. Ambakisye alipofariki, watu wakasema na bendi imezikwa. Irene akakataa. Alichukua gitaa la marehemu, akawakusanya waliobaki, akatoa albamu tatu kwa sauti yake mwenyewe. Mtangazaji mmoja wa redio akazibatiza "kanda za mjane", watu wakacheka mpaka basi, na jina likaganda. Irene akaja Marekani kusoma, akawa mhasibu katika kampuni moja kule Eden Prairie, na kanda zenyewe akazihifadhi kwenye sanduku asilolifungua hata siku moja.

"Haya, nitaimba," alimjibu shemeji yake, kwa sababu ndivyo alivyozoea kumjibu. Gwakisa alipoondoka, Irene alijikasirikia mpaka akaunguza ndizi jikoni.

Kamati ilimtafutia vijana wa kumpigia vyombo, Wakenya watupu, waliokuwa wakifanyia mazoezi kwenye gereji ya nyumba moja huko Crystal. Mwenye gereji ni Nahashon, nesi kwa kazi na mpiga gitaa kwa ugonjwa usio na dawa. Kwenye ngoma alikaa dada mmoja mwembamba anaitwa Nkirote. Heta ya kupasha joto ilikuwa inavuma chini, inanuka vumbi, na Irene hakutaka kukaa sana. "Makambako" angeweza kuuimba akiwa usingizini.

Alikuwa anavua koti pale Nahashon alipopiga kipande kifupi cha gitaa ili kupasha vidole moto. Nkirote akadakia kwenye ngoma, maana ilionekana kipande hicho ni mazoea yao. Irene akabaki na mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Hiki? Aah, Mum, ni story ndefu." Nahashon akacheka. "Mathe, mama yangu, alikuwa na kanda ya mahubiri, alinunua Namanga pale mpakani. Pastor akimaliza kuomba, kanda inaendelea tu kimya, halafu ghafla unasikia gitaa, na mama mmoja anaimba ni kama amekasirikia dunia yote. Ni kipande cha mwisho tu kilibaki. Hiyo ngoma nimei-search tangu niko high school. Hata sijui ni ya nani."

"Ni yangu," Irene akasema. "Na mnaipiga vibaya. Mnaanzia mwisho."

Akalitupa koti, akamnyang'anya kijana wa watu gitaa. Vidole vilikuwa vigumu na sauti ilitoka na kutu, lakini ilitoka. *Sikuombi kiti, nimekuja na mkeka wangu. Sikuombi mlango, nitakaa hapahapa uani.* Alipofika kwenye kipande wanachokijua, Nahashon alikuwa ameketi juu ya spika, mkono mdomoni, na Nkirote alikuwa anampiga ngumi begani akimwambia, "Ni yeye! Si ni yeye!"

Jumamosi iliyofuata alikuja na sanduku. Walizisikiliza zote tatu, hapo hapo gerejini, kwenye redio kaseti ambayo Nahashon aliinunua kwenye mnada wa vitu vya zamani.

Ya kwanza, *Baada ya Radi*, ilimtia aibu kweli. Kinanda kimejaa kila mahali kama maji kwenye mchuzi wa bahili, na yeye mwenyewe anaimba chini kuliko koo lake, anamwiga mumewe. "Hii hata mimi ningeicheka," alisema, na hakuna aliyembishia. Lakini ya pili, *Sikuombi*, ilikuwa kitu kingine. Kinanda kimefukuzwa. Gitaa liko kavu, ngoma iko nyuma yake, na mwanamke anaimba bila kumwiga mtu. Ya tatu, *Kibatari*, ilirekodiwa siku za mgao wa umeme. Nyimbo ni ndefu, zinakwenda polepole, na kwenye mmoja unasikia jenereta la jirani likikohoa. Waliliacha humohumo, na Irene akakumbuka kwamba ni yeye aliyesema liachwe.

Alisubiri aibu irudi, haikurudi. Kilichokuja ni hasira. Alikuwa ameamini maneno ya watu waliocheka, akaamini miaka yote hii, na kazi yenyewe ilikuwa nzuri.

"Walikuwa wanacheka nini?" aliuliza.

"Mum, hawakusikiliza," Nahashon akasema. "Kwani walisikia wapi?"

Swali hilo lilimfuata njia nzima mpaka nyumbani. Zamani zile Gwakisa alikuwa na duka la kanda Mwanjelwa, na mzigo wote wa albamu hizo uliwekwa kwake auze. Irene akampigia simu.

"Aa, zile!" Gwakisa alicheka, cheko la mtu asiye na wasiwasi. "Shemeji, zilikuwa hazitoki. Zimejaa dukani, mimi nalipa pango. Nikaziba kwa karatasi vile vitundu vya juu vinavyozuia kanda isirekodiwe tena, nikazirekodia mahubiri. Zilikwenda kama maandazi ya moto! Zingeoza bure, nilikusaidia tu."

"Ulizifuta zote?"

"Katoni zote."

Irene alikuwa anamfikiria yule mhubiri. Baba wa watu alimaliza sala kabla kanda haijaisha, na Gwakisa, kwa uvivu wake uleule wa kila siku, hakujisumbua kufuta mkia wa kanda. Mkia huo ndio uliofika Namanga ukamkuta Nahashon, mtoto wa mwanamke mwenzake.

"Kwenye sherehe nitaimba 'Sikuombi'," alisema.

"Shemeji, tafadhali, usituharibie shughuli. Watu wanakuja kumkumbuka kaka, hawaji kusikia kanda za mjane."

"Kaka yako nilimzika mimi, na kumkumbuka namkumbuka kila siku bila kamati. Nitaimba ninachotaka." Akakata simu, kitu ambacho hajawahi kumfanyia shemeji yake tangu aolewe.

Siku ya siku theluji ilikuwa imeshikana na vioo vya magari, na ukumbi wa Burnsville ukajaa mpaka watu wakaning'iniza makoti juu ya viti vya wenzao. Mshereheshaji akatangaza kwa madaha, "Sasa tumkaribishe jukwaani mjane wa marehemu!" Irene akapanda na gitaa, Nahashon kulia kwake, Nkirote nyuma. Akapiga. Pale mbele Gwakisa alisikia noti tatu tu, akatambua kwamba si "Makambako", akampungia mshereheshaji mkono.

"Ndugu zangu, wakati burudani inaendelea, chakula tayari!" mshereheshaji akatangaza.

Basi. Wabongo wakiambiwa chakula tayari, hata bwana harusi husahaulika. Ukumbi mzima ulisimama, viti vikakwaruza sakafu, foleni ikajipanga kuelekea kwenye meza ya pilau, na Irene akabaki anaimbia migongo. Iliuma. Iliuma kuliko redio, maana safari hii aliwaona. Akamgeukia Nahashon akamfanyia ishara ya kidole: juu. Nahashon akaongeza sauti mpaka vijiko vikalia kwenye sahani.

Kwenye sufuria la pilau alikuwepo Pamela, mama mnene mwenye kitambaa cha kichwa, mgawaji wa chakula kwenye shughuli zote za mji huu. Katikati ya wimbo mwiko wake ukasimama hewani.

"Dada Pamela, pilau!"

"Subiri, nasikiliza."

"Si usikilize huku unagawa?"

"Siwezi mambo mawili. Geukeni na nyie mnyamaze."

Pilau imesimama, foleni imesimama, na watu kwa kukosa la kufanya wakageuka mmoja mmoja wakiwa na sahani tupu. Walidaka mwisho tu, kilekile kipande cha Namanga, na wimbo ukaisha. Makofi yalikuwa machache, ya watu wasiojua wamepiga kwa nini. Gwakisa akawahi kipaza sauti.

"Asante shemeji kwa hiyo ya kupashia moto! Sasa, wote kwa pamoja, tunataka nini?"

"Makambako!" ukumbi ukaitika.

Vidole vya Irene vilitaka kutii. Aliviona vikiisogelea ile noti ya kwanza, kwa mazoea, kama alivyozoea kumjibu Gwakisa "haya". Akavikunja.

"'Makambako' mnayo," alisema. "Iko kwenye simu zenu, iko kwenye magari yenu, na marehemu anaiimba vizuri kuliko mimi. Hii ya kwangu ilifutwa, na aliyeifuta kanishikia maiki hapa. Leo hafuti."

Gwakisa akashusha sauti, jasho likimtoka na theluji yote ile nje.

"Lakini shemeji, si umeshaiimba hiyo?"

"Mlinipa mgongo." Akamgeukia Nahashon. "Tangu mwanzo, mwanangu. Mwanzo kabisa."

Nahashon akapiga, na Pamela akafunika pilau.