Televisheni ya Dubai

Kwa miaka miwili hakuna aliyeniinua kwenye kigoda cha Gabow pale mjini Salama. Sheria ya duka lake ilikuwa moja tu: anayeshindwa mchezo wa ngumi wa kwenye TV anainuka, mshindi anabaki ameketi. Mimi Musembi, mziba panchari, nilikikalia hicho kigoda kama changu.

Mwaka wa 1997 ndugu yake Gabow akamletea televisheni mpya kutoka Dubai, kubwa, ya picha isiyotetemeka. Ile ndogo ya zamani ikatupwa stoo. Siku hiyohiyo Ndinda, fundi wa cherehani, akanipiga mara tatu mfululizo. Niliinuka watu wakitazama. Iliniuma sana, sitadanganya.

"Hii TV inachelewa," nikasema. "Nabonyeza saa hii, ngumi inatoka baadaye."

Gabow akacheka. "Inachelewa kwenda wapi? Hii ni ya Dubai, bwana."

"Na mbona Ndinda haimsumbui?" mtu akauliza.

Ndinda hakuwa na haraka, hiyo ndiyo sababu. Yeye alijikinga tu, akangoja ukose, ndipo akakupiga. Mtu wa namna hiyo TV itamfanya nini?

Wiki tatu nilirudi kila jioni, nikajifundisha kubonyeza mapema kidogo, huku nikilalamika bila kupumzika. Mwishowe Gabow akachoka na mdomo wangu. Akaitoa ile ndogo stoo, tukagawa waya wa mashine ya mchezo ili picha iende kwa zote mbili. Nikabonyeza. Kwenye ndogo ngumi ilitoka kwanza. Kwenye kubwa ikafuata nyuma, kidogo tu, lakini kila mtu aliona.

Duka zima likapiga kelele. Gabow akashika kichwa.

"Wallahi, Musembi, nimekukosea. Wewe sema unataka nini."

"Nataka kigoda changu. Mimi na Ndinda, kwa ile ndogo."

Nikaketi, kifua mbele. Ndinda akajikinga, akangoja. Nikarusha ngumi, ikapita hewani kabla hajafika. Nikarusha nyingine, ikapita vilevile. Vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea Dubai. Alinipiga mara tatu bila kutokwa jasho.

Watu wote wakanigeukia, wakingoja. Gabow akauliza kwa upole, kama anayemuuliza mgonjwa:

"Na hii, ndugu yangu, inawahi?"

Jibu nilikuwa nalo, tena la kweli kabisa. Nikainuka. Ndinda akakivuta kigoda, akaketi.