Tundu la Geji

Kilichonitia wasiwasi kwanza ni usafi wa zile geji. Msichana alizitoa kwenye mfuko wa vitabu, akafunua taulo, akaziweka mezani kwangu pale Buyenzi: moja ya mwendo, nyingine ya mizunguko ya injini, zote za gari la michezo la Kiitaliano la mwaka sitini na nane. Vioo havikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Miaka ishirini na sita nimeuza geji kuukuu za magari ya zamani, na wateja wangu wa Kigali na Nairobi wangezigombania hizi kama watoto na maandazi. Mkono uliniwasha kuzinyakua, ndiyo maana nikaurudisha nyuma.

"We ulizitoa wapi?"

"Muzee Massoudi, iko ya gari ya papa yangu. Tunakaa Kiriri. Mi naitwa Ingrid."

Kila mwizi ana baba mwenye gari. Sikulisema hilo, lakini nadhani uso wangu ulilisema.

"Twende nione tundu," nikamwambia.

Kwetu sisi wauza geji hiyo ndiyo sheria. Hununui mpaka uwe umeliona tundu la dashibodi ambamo geji ilitoka, na mwenye gari akubali kwa mdomo wake. Niliivunja mara moja tu, kwa geji iliyokuja kuonekana ni ya wizi. Nikalala rumande siku nne, na mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, akawa ananiletea wali huku majirani wakimtazama. Alikufa kabla jina langu halijasafishwa, na uchungu ule ninao mpaka leo.

Ingrid alinywea. "Apana, muzee, nakuomba. Papa yangu ni mugonjwa."

"Basi chukua vitu vyako."

Akazikunja ndani ya taulo, akafika mlangoni, akarudi. "Sawa. Lakini tukifika, usimwambie juu ya hizi konteri," akasema akizigusa geji ndani ya taulo. "Useme umekuja kuangalia gari tu."

Hapo nikawa na hakika. Nilipanda naye teksi nikiwa tayari kumkabidhi kwa mwenye mali. Njia nzima nilimhoji. Papa anaitwa nani? Herménégilde. Kazi yake? Alikuwa wizarani, sasa amestaafu. Mbona unaangalia nje? Kichefuchefu, akasema. Kichefuchefu cha uongo, nikasema moyoni.

Lakini geti alilifungua kwa ufunguo wake mwenyewe, na mbwa akamrukia kwa furaha.

Gari jekundu lilikuwa gereji, limeoshwa likang'aa. Mzee aliketi nyuma ya usukani, macho wazi yenye utando mweupe. Nikainama dirishani. Matundu yalikuwepo, mawili, sawasawa kabisa na zile geji, na kila moja lilikuwa limezibwa na kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, ili vidole vya mzee vikipapasa vikute kitu cha mviringo.

Kumbe alikuwa mtoto wa nyumba kweli, na anamwibia baba yake kipofu! Hasira zilinipanda. Nikamvuta pembeni.

"Ni pesa ya kumutibisha macho," akaninong'oneza. "Docta wa Kigali anasema inawezekana. Lakini papa alikataa. Anasema afazali akufe kipofu kuliko kuuza hata kipande kimoja ya hii gari."

Nimeuziwa hadithi tamu kuliko hiyo. Na hata kama ni kweli, mwenye gari hajakubali. Nikamwomba Ingrid maji ya kunywa, nipate kumwambia baba mtu. Alinielewa vizuri sana. Alinitazama kwa macho ya kuomba, kisha akaenda.

"Muzee," nikaanza, "mi nauzaka konteri..."

"Najua. We ni Massoudi wa Buyenzi," akanikata kwa sauti ya chini. "Sisi wenye gari ya zamani tunakujuaka. Umekuja kuona tundu." Akagonga kifuniko kwa kidole. "Mi niliendesha hii gari miaka makumi tatu. Nitakosa kujua kioo na bati?"

"Na unakubali?"

"Ununue. Mi nilikataa mbele ya watoto yote, kiburi tu, na sasa siwezi kurudisha mdomo. Lakini usimwambie kama najua. Akijua, atapata haya, atazirudisha. Na mi niko na hamu ya kuona sura yake tena."

Ingrid alirudi na glasi ya maji. Papo hapo mzee akapaza sauti:

"Ee Massoudi! Hebu nisomee, mushale iko wapi?"

Mimi ambaye sijawahi kudanganya mtu juu ya geji, nikainama hadi karibu na kile kifuniko, nikakodoa macho.

"Kwenye sufuri, muzee. Haitikisike hata kidogo."

"Vizuri. Ingrid anazipanguzaka kila siku," akasema. "Ni mutoto mwaminifu sana."

Ingrid alilia bila sauti, glasi ikimwinamia mkononi, maji yakimmwagikia miguuni, na mimi niliyejua yote sikuwa na ruhusa ya kumwambia neno.