Mimin wa Kobe na Mwavuli

Mtu akikwambia sosi ya soya ni sosi tu, zote sawa, usibishane naye. Huyo hajafika Gombong. Kwetu huku katikati ya Jawa kila mji una sosi yake, nyeusi, nzito, tamu, na kila mji unaapa kwamba ya jirani ni maji ya kuoshea masufuria. Yetu inaitwa Kobe na Mwavuli. Kwenye chupa kuna kobe kasimama kwa miguu miwili, kashika mwavuli, na usiniulize kwa nini. Hata mwenye kiwanda hajui. Babu yake ndiye aliyemchora, akaenda kaburini na siri yake.

Mdomo wa kobe huyo alikuwa Rumiyati. Kila biashara iliyo mtandaoni huku kwetu, tangu benki kubwa hadi muuza soksi, ina mtu asiyeonekana anayeandika nyuma ya akaunti, naye huitwa Mimin. Watu humtania Mimin, humlilia, humtongoza, humuuliza dawa ya chunusi. Jina lake halisi haulizi mtu.

Rumiyati alianza kazi pale kwa kubandika lebo. Akaunti alirushiwa tu, miaka tisa iliyopita, baada ya kijana wa ofisini kuacha kazi na wengine wote kuikimbia. Ilikuwa na wafuasi mia sita, nusu yao ndugu wa bosi. Siku moja binti mmoja akaandika, "Mimin, mchumba kaniacha, nifanyeje?" Rumiyati akamjibu, "Kaanga yai. Tia sosi. Kula kwanza, ndipo ulie. Kulia na njaa ni kazi mbili." Weee! Maneno hayo yakazunguka nchi nzima. Wafuasi wakafika elfu arobaini, chupa zikaanza kuagizwa toka Medan mpaka Makassar, na mama yule wa lebo, mwenye miaka arobaini na minne na mtoto chuoni Purwokerto, akawa anatembea kiwandani kidevu juu. Alikuwa na haki. Kila neno lilikuwa lake, na hakuwahi kusifia kitu asichokula mwenyewe.

Sasa, siri ya Kobe na Mwavuli si soya. Soya utanunua popote. Siri ni sukari guru ya mnazi, inayopikwa na wagema wa vijiji vya kusini. Mmoja wao ni mzee Karsudi, babake Rumiyati, ambaye kwa miaka arobaini amepanda minazi ishirini na minne kila asubuhi, na hiyohiyo tena alasiri. Maagizo yalipozidi, sukari ya wagema haikutosha. Mwenye kiwanda, Yonatan, ambaye mji mzima unamwita Koh Yon, yaani kaka Yon, angeweza kuwaambia wateja wasubiri. Hakuwaambia. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi hapa wagema hawakutia hata tone. Aliyesifiwa ni mwenye kiwanda, na aliyetia ni yeye huyohuyo.

Rumiyati aliyaona magunia ya sukari nyeupe yakipita chini ya dirisha lake, na madumu ya rangi yakifuata. Nyeupe ni rahisi, basi ya wagema bosi akaacha kuinunua, na nyumbani kwa baba yake sukari guru ilikuwa imerundikana mpaka chini ya kitanda. Alinyamaza. Kazi ni kazi.

Ila ndimi za watu hazikunyamaza. "Mimin, mbona siku hizi sosi inakwaruza koo?" Rumiyati akajibu, "Labda chupa ilikaa juani, kaka." "Mimin, mbona nyepesi?" "Itikise kwanza, dada." Kuna mwanamke mmoja, mtumishi wa ndani huko Taiwan, aliyebeba chupa tatu kwenye sanduku lake. Akaandika kwamba amekaanga wali, ameonja, na hakusikia ladha ya kwao. Rumiyati akamjibu eti huenda ni maji ya Taiwan. Ikaenda hivyo miezi minne.

Jumapili moja asubuhi alikuwa nyumbani akikaanga tempe, mkate wa soya iliyochachushwa, ile nyembamba ya kuliwa ingali laini. Akachovya kipande kwenye sosi, akatia mdomoni, akakitema. Akachukua simu.

Simu yake ilikuwa na akaunti mbili. Moja ya kobe. Nyingine yake mwenyewe, iliyofungwa kwa kufuli, jina Ndoo Tupu, wafuasi kumi na mmoja, tisa kati yao binamu zake. Humo ndimo alimokuwa akitapika nyongo yake. Kuhama toka akaunti moja kwenda nyingine unabonyeza kiduara kidogo pale juu. Ukisahau, umekwisha.

Alisahau.

"Miaka tisa naisifu sosi hii," aliandika. "Leo nimeitema. Bosi anatia sukari ya kiwandani na rangi, anadhani ndimi za watu ni mbao. Baba yangu amepanda minazi miaka arobaini kwa ajili ya chupa hii. Aibu!" Akatuma, akageuza tempe.

Simu ikaanza kulia. Ikalia, ikalia, mpaka ikawa inasogea yenyewe mezani.

"Mimin, uko salama?"

"Mimin, umekosea akaunti. Futa haraka!"

"Usifute, nishapiga picha."

"Mimin, ukifukuzwa njoo kwetu Tegal, tuna chumba."

"Nilijua! Mke wangu aliniambia ni meno yangu mabovu!"

Rumiyati alikaa chini sakafuni, mwiko mkononi. Alifuta, lakini alikuwa kama anayefagia unga wakati wa upepo. Jioni habari ilikuwa imefika kwenye magazeti ya mtandaoni.

Jumatatu Koh Yon alimsubiri ofisini, macho mekundu, karatasi mezani.

"Dada Rum, sitaki kelele," alisema. "Nimeandika hapa. Wewe utie utamu wako, iwe na sauti ya Mimin, kisha uitume. Basi, yaishe."

Rumiyati akasoma. Tunaomba radhi, akaunti yetu ilidukuliwa na mtu asiyejulikana.

"Bosi, mimi sikudukuliwa. Nilikosea kidole tu. Maneno ni yangu."

"Si kila mtu husema hivyo? Yule mheshimiwa aliyetuma picha zake za aibu alisema kadukuliwa."

"Na nani alimwamini?"

"Hakuna. Lakini watu walicheka, wakasahau." Koh Yon akajipangusa uso. "Unajua naweza kukufukuza?"

"Najua."

"Na una mtoto chuoni."

"Ninaye. Mwaka wa pili."

"Sasa unanifanyia jeuri ya nini? Mstari mmoja tu, dada Rum! Tuma, kazi yako ipo, mtoto atasoma. Usipotuma, pale ni mlango."

Rumiyati aliutazama ule mlango. Ada ya muhula ilikuwa inakaribia, na mwanamke wa umri wake Gombong hapati kazi ya ofisi kwa kupiga mluzi. Lakini alipofungua mdomo, sauti ilitoka imenyooka.

"Miezi minne nimewadanganya watu kwa ajili yako, bosi. Nimemwambia mwanamke wa watu eti ni maji ya Taiwan! Hata chakula hakishuki. Watu wale hawakuamini kobe, waliniamini mimi. Hili jingine siliwezi."

Akatoa akaunti ya kobe kwenye simu yake, bosi akiona kwa macho yake. Akachukua lebo moja, akaandika juu yake neno la siri la akaunti, akaibandika kwenye ile karatasi. Akatoka kwa mlango alioonyeshwa.

Baba yake alimkuta barazani kwake, saa za kuwa kazini.

"Umefukuzwa?"

"Nimejifukuza."

"Kwa ajili ya sukari yangu?"

"Kwa ajili ya mdomo wangu, baba."

Mzee Karsudi akafungua kisu chake kiunoni, akakaa. "Vizuri," alisema. "Sukari yangu haina mdomo. Ila usimwambie mwanao kwa simu, mwambie uso kwa uso. Na kesho unisaidie kukoroga, usikae hapa ukijihurumia."

Jumanne Koh Yon aliandika mwenyewe, akajiita Mimin. "Wateja wetu wapendwa, tunapenda kuwataarifu kwamba akaunti yetu ilidukuliwa." Looo, masikini! Jibu la kwanza halikuchukua hata dakika.

"Wewe si Mimin."

"Mimin tangu lini akapenda kututaarifu?"

"Mimin yuko wapi? Mmemla?"

Swali hilo ndilo lililoshika kasi. Mimin yuko wapi? Liliandikwa Surabaya, likaandikwa Bandung. Muuza wali wa kukaanga mmoja wa Semarang akaliandika kwa chaki kwenye kibao cha mkokoteni wake, akapiga picha, akaituma. Rumiyati alikuwa anakoroga utomvu wa minazi kwa mkono wa kulia na kusoma kwa mkono wa kushoto, kupitia Ndoo Tupu, bila kutia neno. Alicheka, akalia, akacheka tena. Maelfu ya watu wasiojua sura yake walikuwa wameijua sauti yake kwa kukosekana kwake, na moyo ulimjaa mpaka akasahau kukoroga na utomvu ukashika chini. Baba yake alimtukana ipasavyo.

Alhamisi mchana lori la kiwanda likasimama njia panda, na Koh Yon akaja kwa miguu, viatu vyeupe vimejaa tope. Akakaa kwenye benchi la barazani bila kukaribishwa. Alionekana kama mtu aliyelala ndani ya nguo zake.

"Mama yangu amenunua sosi ya Purworejo," alisema.

Rumiyati alitaka kucheka, akajizuia. Kwa nyumba ile, kununua sosi ya mji mwingine kulikuwa msiba.

"Ameiweka mezani. Mbele yangu, mbele ya wageni. Hakusema neno." Akaonyesha njia panda kwa kidole. "Lori lile limekuja kuchukua sukari. Yote, ya wagema wote. Tutapika kidogo, Makassar wasubiri. Nyeupe nimeirudisha kwa aliyeniuzia."

"Nimeliona lori. Vizuri."

"Basi rudi, dada Rum. Uandike."

"Niandike nini?"

"Kwamba tumerudi kwenye sukari ya zamani. Kwa utani wako ule, wacheke kidogo. Wewe wanakuamini."

"Ndiyo maana siandiki," alisema Rumiyati. "Aliyetia sukari ni wewe. Aliyesema tumedukuliwa ni wewe. Ukinipa mimi nifue nguo zako, kesho utazichafua tena. Andika wewe. Na usijiite Mimin."

"Nijiite nani?"

"Huna jina?"

Kule njia panda wagema walikuwa wameshaanza kupakia vikapu. Koh Yon akatoa simu, akaandika kwa kidole kimoja, akifuta, akiandika, jasho likimtiririka masikioni. Akampa asome.

"Mimi Yonatan Lie, mwenye kiwanda. Sosi ilibadilika kwa sababu nilibadilisha sukari. Akaunti haikudukuliwa. Mimin alisema kweli, nikamtoa. Nimerudisha sukari ya wagema. Samahani."

Rumiyati aliisoma mara mbili. Ilikuwa kavu, haina chumvi wala pilipili, na hakugusa hata nukta.

"Niweke kikatuni cha kucheka?" aliuliza Koh Yon kwa sauti ndogo.

"Usiweke."

Akabonyeza. Simu ikatulia, ikalia mara moja, kisha ikaanza kufoka mkononi mwake. Akaitazama kwa hofu.

"Wananitukana, dada Rum."

"Wajibu."

"Wote?"

"Mmoja mmoja. Anayetukana muombe radhi, anayeuliza muelekeze, na aliyetupa chupa yake mpelekee nyingine. Mimi nimefanya hivyo miaka tisa. Ukimaliza ndipo tutazungumza habari za kurudi kwangu, na mshahara wangu."

Akaingia ndani kupika chai. Mzee Karsudi alipofika toka kwenye minazi alimkuta mwenye Kobe na Mwavuli kajikunja kwenye benchi lake, akinong'ona na simu, "samahani dada, samahani kaka." Mzee akachungulia jikoni.

"Yule ni nani pale nje?"

"Mimin mpya, baba," alisema Rumiyati, kidevu juu. "Yuko kwenye majaribio."