Kura Aliyotia Jina

Eutimio alikuwa keshafika katikati ya mto Caya, suruali kaikunja, viatu vya Jumapili vinaning'inia shingoni, ndipo alipojishangaa. Jua lilikuwa linawaka. Maisha yake yote alivuka mto huu gizani, kufuata kahawa ya magendo Ureno na kuirudisha kwao Hispania mgongoni. Leo hakufuata kahawa. Alikwenda kuona watu wakipiga kura.

Kwao Hispania jenerali mtawala alikuwa bado kakalia kiti. Wareno walikuwa wametimiza mwaka tangu wanajeshi wao wenyewe waung'oe udikteta.

Baltasar Ramalho, aliyemuuzia kahawa miaka mingi, alikuwa mlangoni kwake, kavaa suti aliyoolea.

"Umechelewa, Mhispania. Ulisimama kumpigia saluti jenerali wako?"

"Hajambo, anakusalimu, mzee."

Baltasar alicheka mpaka akakohoa. Jela ya udikteta ilimwachia kifua kibovu, na daktari alikwishamwambia asitegemee kuona baridi nyingine nyingi. Kura hii ndiyo yake ya kwanza, na alijua hatapata nyingi.

Walipofika shuleni, foleni ya kura ilitoka mlangoni, ikazunguka kanisa, ikafika kisimani. Hakuna aliyepiga kelele. Wanaume walishika kofia mkononi kama watu waliokwenda kuzika, ila nyuso hazikuwa za msiba. Bibi mmoja kabebwa juu ya kiti chake. Eutimio aliwaona watu hao zaidi ya mara mia, lakini siku hiyo ilikuwa kama hajawahi kuwaona. Watu wakampisha Baltasar apite mbele.

"Foleni hii nimeingoja miaka arobaini na minane," akasema. "Mnataka kunikatia utamu?"

"Nani atashinda?" Eutimio akamnong'oneza.

"Nitajuaje?"

"Hata wakubwa hawajui?"

"Hakuna anayejua."

Eutimio akaitazama foleni mpaka kisimani. Kwao mshindi hujulikana kabla karatasi hazijachapwa. Hapa nchi nzima imesimama juani, na hakuna mtu anayejua.

Ndani, mwalimu Lucinda ndiye aliyesimamia. Akasoma jina la Baltasar kwa sauti, akampa karatasi. Mzee akaingia nyuma ya pazia, akakawia. Eutimio, aliyebaki mlangoni, akaanza kuhofia kifua chake. Mwishowe akatoka, akasimama mbele ya sanduku.

"Nimeweka alama yangu," akasema, "na chini nimetia jina. Asije mtu akasema Baltasar alijificha."

Mwalimu akanyoosha mkono.

"Mzee Baltasar, kura yenye jina haihesabiwi. Nipe hiyo, nikupe nyingine."

"Kumbe jina langu bado ni haramu?"

"Ni siri, mzee. Mwenye shamba mnalolima asijue nani kamchagua nani."

"Mwenye shamba mimi simwogopi, mwalimu. Jela nimekwenda na nimerudi."

"Wewe humwogopi. Na huyo aliye nyuma yako? Ukitia jina wewe, kesho ataulizwa yeye kwa nini hakutia."

Baltasar akageuka. Nyuma yake alikuwa Fortunata, mjane anayelima shamba la watu, kainamisha macho, vidole vinasokota ncha ya mtandio. Mzee akamtazama kwa muda.

"Kabla ya leo, mara ya mwisho kusomewa jina hadharani," akamwambia mwalimu, "walilisoma polisi, mlangoni kwangu. Nisomee tena."

Mwalimu Lucinda akainuka. Wote waliokuwa mezani wakainuka naye.

"Baltasar Ramalho," akasema, taratibu, kila mtu akasikia mpaka uani.

Mzee akatoa karatasi ya kwanza ikachanwa, akapewa ya pili. Safari hii hakukawia. Ilipoanguka sandukuni ilisikika, maana hakuna aliyekuwa akipumua kwa nguvu. Eutimio akajikuta kavua kofia, wala hakumbuki aliivua saa ngapi.

Baltasar alikufa Februari iliyofuata. Chama alichokichagua hakikushinda, au kilishinda; hakumwambia mtu. Fortunata aliendelea kulima shamba lile lile. Mwalimu Lucinda alihamia mji wa Évora, akastaafu huko. Jenerali wa Hispania alikufa Novemba ya mwaka ule wa kura ya Wareno, na mwaka wa pili kutoka hapo, mwezi wa Juni, Eutimio akapiga kura kijijini kwake. Alisimama foleni karibu asubuhi nzima. Biashara ya kahawa ilikufa polepole, akabaki na nyumbu wawili wa mizigo na maumivu ya mgongo.