Maneno Elfu Nne ya Felisa

Fundi wa kompyuta alifika saa nne asubuhi, na tangu alfajiri Felisa Tumulak hakuwa ametulia mahali pamoja. Aliingia studio, akatoka, akapapasa ukuta hadi jikoni, akamimina kahawa asiinywe, akarudi. Alikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya San Jose, mkoani Antique, na hakuwa akiona tangu utotoni. Taarifa ya habari ya saa sita aliisoma hivi: kompyuta ilimsomea maandishi sikioni, naye akayatamka hewani papo hapo. Wasikilizaji wengi hawakujua.

Kompyuta hiyo ilinunuliwa haijui Kikaray-a, lugha ya huko, hata kidogo. Yeye na mpwa wake Delfin ndio walioifunza kwa miaka miwili, yeye akitamka, Delfin akiandika kila neno lisomwe vipi. Maneno elfu nne na ushee, waliyapachika kwa mkono ndani ya programu ya kusoma. Delfin sasa alikuwa mpishi wa meli ya mizigo. Na mwaka jana fundi mwingine aliweka toleo jipya, maneno yote yakafutika. Kwa wiki tatu mashine ilimsomea lugha ya mama yake kama padri mgeni aliyelewa, hadi Delfin alipopata nakala kwenye flashi yake.

"Usiwe na hofu, Manang," alisema Rodel, fundi wa leo, akimwita kama dada mkubwa na kuvuta kiti. "Hakipotei kitu."

"Na yule wa mwaka jana alisema hivyo hivyo. Tena alikuwa na sauti nzuri kuliko yako."

Rodel akacheka. "Basi nimeshindwa hata sijaanza."

"Si uweke hilo toleo jipya kesho, mdogo wangu? Kimbunga kiko baharini. Watu wanasubiri taarifa."

"Kesho niko Culasi. Na mwenye redio kasema leo. Programu hizi zikizeeka zina matundu, wezi wanapitia humo. Hebu niambie, hayo maneno mmeyaweka wapi?"

"Ndani ya folda ya programu yenyewe."

Rodel aliifungua, akatazama. "Ndiyo maana yalifutika. Folda ile si yenu, ni ya programu. Toleo jipya likija linafagia kila linachokuta na kuweka lake."

"Sasa?"

"Sasa tunayahamisha nje."

Alifungua folda nyingine kando, mahali ambapo toleo jipya halina ruhusa ya kugusa, akanakili maneno yote humo. Kisha akaongeza mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, wa kuiambia programu iyatafute huko. Felisa alimtaka amsomee idadi, ya kule na ya huku. Akamtaka arudie. Alibonyeza saa yake inayosema, ikamjibu saa tano na dakika ishirini. Baada ya muda mfupi akaibonyeza tena.

"Manang, hata saa itachoka."

"Fanya kazi yako."

Usasishaji ukaanza. Felisa alisimama nyuma ya kiti, akisikiliza vidole vya Rodel vikigonga haraka haraka, kama vya mtu aliyekwisha fanya hivi mara mia. Mara vikasita. Mkono wa Felisa ukashuka juu ya mkono wa fundi.

"Inauliza nini?"

"Kitu cha kawaida tu. Inauliza tubakize faili la zamani la mipangilio au tuweke jipya."

"Na wewe huwa unajibu nini?"

"Jipya. Siku zote."

"Ule mstari wetu uko kwenye lipi?"

Rodel alisogea karibu na skrini, akasoma tena.

"La zamani," alisema polepole.

"Basi bakiza la zamani."

Akagonga mara moja tu.

Saa sita kasoro dakika saba sauti ikamrudia sikioni. Maneno yalikuwepo, yametamkwa vizuri, lakini sauti ilikuwa ya mwanamume, tena ya haraka. Hapakuwa na muda wa kuibadilisha. Felisa aliingia hewani, akalifuata lile jitu geni neno kwa neno: kimbunga kiko umbali gani, wavuvi wasitoke, shule zipi zifungwe.

"Sikusikia kosa," Rodel alisema alipotoka.

"Nimejikwaa mara mbili. Wewe si wa huku, utajuaje?"

Kabla ya kuondoka, Rodel aliizuia programu ile isijisasishe yenyewe. Felisa akamlazimisha arekodi kwa sauti yake kila alichofanya, kwa ajili ya fundi atakayefuata, akamkumbusha mara tatu alitaje lile swali la faili.

Lakini hakwenda nyumbani. Alikaa akiitamkisha mashine orodha nzima, neno baada ya neno, huku akitingisha mguu. Alipofika herufi ya L, mtangazaji wa mchana akabisha hodi, akasema anahitaji kiti.

"Nisubiri kidogo," Felisa alisema, na kubonyeza mashine isome neno lililofuata.