Diski za Marehemu Abdulbasit

Katika duka la Mohannad, chini ya mnara mmoja pale Jumeirah Lake Towers, huko Uarabuni, neno "sijui" lilikuwa haramu kuliko nguruwe. Arbab, yaani bosi, akikuuliza kama unaweza, unajibu "yes sir, no problem," kisha unakimbilia chooni kujifunza kwenye simu. Ndivyo Elisante wa Moshi alivyojikuta amepiga magoti mbele ya seva kuukuu, yeye ambaye tangu azaliwe hakuwahi kufungua kitu kikubwa kuliko laptop, na keshaahidi kuimaliza kabla ya alasiri.

Ronnie, Mkenya, alimtazama kutoka meza ya pili huku akitafuna jojo. Alikuwa na sababu ya kutazama. Wote wawili walikuwa kwenye majaribio, wote kwa visa ya matembezi iliyokuwa inakaribia kukata roho, na Mohannad alikwisha sema waziwazi: visa ya kazi ni moja, na leo nitajua ni ya nani. Huko Discovery Gardens walikopanga, walilala chumba kimoja na kula sufuria moja. Udugu wao ulikuwa wa kweli kabisa mpaka asubuhi hiyo.

Diski zilikuwa za marehemu Abdulbasit, mpiga video za harusi, aliyefariki na seva yake ikafuata. Mjane wake alizileta mwenyewe kutoka Al Warqa, akiwa ndani ya abaya nyeusi, akazungumza na Mohannad kwa Kiarabu, akaketi kwenye kochi na tasbihi yake na kukataa kata kata kuondoka. Mohannad alikuwa amepata seva nyingine ya aina ileile. Kazi ilikuwa kuzipachika diski humo na kuzitoa video zikiwa hai.

Elisante akazipachika. Akaiwasha seva kwa programu iliyo kwenye flashi. Programu ikajibu kwamba hakuna diski hata moja.

"Umezichungulia vizuri, buda?" Ronnie akauliza. "Ama zimeenda Deira kununua dhahabu?"

"Kaka, taa zinawaka zote. Nimezichomoa, nimezirudisha. Waya nimebadilisha. Bado inasema hakuna kitu."

"Basi ziombee."

Elisante akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetokwa jasho kwenye kiyoyozi. Walizungumza bila kushusha sauti. Mohannad hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, na madam wa kwenye kochi alikuwa Mwarabu. Kiswahili kilikuwa chumba chao, wanaingia na kujifungia.

Ronnie alizijua seva hizi, alikwishazihangaikia Nairobi. Kati ya diski na programu hukaa kadi, kama mlinzi wa geti. Diski zikitoka seva nyingine, mlinzi anazizuia na kunyamaza, mpaka uingie kwenye menyu yake umwambie azipokee. Unabonyeza mara moja, basi, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Elisante naye akaigundua menyu, kwa kubahatisha.

"Inasema imeona diski ngeni," akasoma. "Inauliza izipokee na mpangilio wake wa zamani, au iufute. Ronnie, nisaidie kaka. Nikikosea hapa narudi Moshi."

Ronnie akapasua puto la jojo.

"Futa. Mpangilio wa seva iliyokufa wa nini? Futa, unda kundi jipya, halafu iambie kadi izisafishe kabisa. Zitaonekana mpaka ushangae."

"Na video?"

"Video ziko ndani, bro. Mpangilio ni kama bango la mlangoni. Ukibandua bango, nyumba huanguka?"

Elisante akapumua kwa kifua chote. "Mungu akubariki."

"Amina. Na huyo bibi, mwambie asikae kama polisi wa airport, hatumli mumewe."

Wakacheka wote. Mama kwenye kochi akasogeza punje ya tasbihi, macho chini.

Kadi ikasafisha mpaka adhuhuri ikapita. Kisha diski zikatokea kwenye skrini, zote, na Elisante akaruka juu kama aliyefunga goli. "Sir! Zimeonekana!"

"Yalla, haya, mwoneshe madam," Mohannad akasema.

Akafungua. Kweupe, hakuna video hata moja. Akafungua tena, akatafuta huku, akatafuta kule. Mohannad akamsogeza kando kwa bega, akatazama, akasema neno moja la kufunga hesabu: "Khalas." Kisha akamwonesha Elisante lilipo begi lake.

Elisante akamgeukia mwenzake. "Sema basi, kaka."

"Niseme nini?"

"Sema ulivyomwambia," ikajibu sauti kutoka kwenye kochi. "Ile habari ya bango la mlangoni."

Jojo likamkwama Ronnie. Kilikuwa Kiswahili cha Unguja, safi, kisicho na haraka.

"Miye kwetu Malindi, Mji Mkongwe. Tangu asubuhi nawasikia mnanicheka, nikasema hawa wana wa nyumbani, waache wacheke, mradi kazi iende. Laiti ningejua huko kufuta ndo huku, ningekukateni mikono."

"Mama, naomba unisamehe, mimi nili—" Elisante akaanza.

"We nyamaza. We mjinga tu. Mjinga husamehewa, ila hapewi vya watu."

Akamgeukia Mohannad na kumweleza yote kwa Kiarabu, kidole kikimwelekea Ronnie. Ronnie aliona uongo hauna pa kupita. Moyoni alikwisha anza kufunga sanduku.

"Ulijua cha kubonyeza?" Mohannad akamuuliza.

"Yes, sir."

Mohannad akawatazama wawili hao, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua tikiti maji. Kisha akamwambia mama kwa upole, na kurudia kwa Kiingereza ili wote wasikie: "Yule hajui. Huyu anajua. Mimi natafuta anayejua."

Elisante alitoka bila kuufunga mlango. Joto likaingia.

Mama akamwamuru Ronnie amfungie diski zake. Ronnie akazitia kwenye mfuko moja moja, kwa adabu ambayo hakuwa nayo asubuhi. Mama akaupokea mfuko, akaupima mkononi.

"Mbona nzito vilevile," akasema, wala hakuwa anasema naye.

"Ronnie, yalla," Mohannad akaita kutoka ndani. "Lete pasipoti."